Sheria za ajabu za kubeti kwenye poka ya mezani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Hapa tunaongelea poka ya laivu, ile ya kukaa na watu meza moja, karata za kushika na chipu za kushika. Kwenye simu programu haikuachii ukosee, kama huruhusiwi kupandisha (kuongeza beti) basi kitufe hakitokei kabisa. Mezani hakuna wa kukuzuia, unafanya kitu halafu ndo unaambiwa kimemaanisha nini. Na karibu kila sheria ya ajabu utakayokutana nayo inagusa moja kati ya mambo mawili: ukubwa wa gemu, yaani hela halisi inayochezwa, au zamu, yaani nani anaongea mwisho. Ukilishika hilo hata sheria ambayo hujawahi kuisikia utajua uitazame kwa upande gani.

Kwani poka haina sheria moja dunia nzima?

Mpangilio wa karata ndo mmoja, flashi (tano za ua moja) inaipiga streti (tano zinazofuatana) popote pale. Ila mambo ya kubeti, nani anaanza, kima cha chini ni kipi, chipu ikitua mezani bila neno inahesabiwaje, hapo kila nyumba, yaani kasino au ukumbi, na utaratibu wake. Kasino nyingi zinachota kwenye kanuni alizokusanya Bob Ciaffone, na upande wa mashindano kuna TDA, chama cha wasimamizi wa mashindano kilichoanzishwa 2001 na Matt Savage, Linda Johnson, Jan Fisher na David Lamb. TDA inasikilizwa sana, lakini kanuni zake ni za mashindano. Gemu ya keshi, ya hela moja kwa moja siyo mashindano, haibanwi nazo, nyumba ikitaka inazifuata na isipotaka inaziacha, na ukumbi wa jirani unaweza kuwa na jibu tofauti kabisa kwa swali hilohilo.

Stradeli ni nini hasa?

Blaindi ni hela ya lazima ambayo watu wawili wanaiweka kabla ya karata, ndogo na kubwa; stradeli ni ya tatu, ya kujitakia. Gemu ni 1 na 2, mtu wa kwanza baada ya blaindi kubwa anaweka 4 kabla hajaona karata. Hiyo 4 sasa ndo bei ya kuingia, kama unataka kufuata unalipa 4 siyo 2, na yeye aliyeiweka anaongea mwisho kabla ya flopu (karata tatu za kwanza za pamoja zinazofunguliwa mezani), tena ana haki ya kupandisha hata kama wote wamefuata tu. Baada ya flopu zamu zinarudi kawaida, kwa hiyo ile faida ya kuongea mwisho ni ya raundi moja, ila hela aliyoweka gizani ndo imeshaingia.

Watu wengi hawaoni kwamba gemu imekuwa kubwa mara mbili. Ulikaa na 200, ukajihesabia una blaindi kubwa 100, umetulia. Meza ikianza kustradeli kila mkono (kila mgawo wa karata), wewe una 50 tu, na uchezaji wa 50 siyo wa 100, vile vipea vidogo, yaani jozi za karata ndogo, ulivyokuwa unafuata kwa bei rahisi ukingojea tatu za aina moja havilipi tena. Kwenye ubao imeandikwa 1 na 2 lakini wewe unacheza 2 na 4.

Na kuna kamsuguano kadogo kwenye kima cha chini cha kupandisha. Nyumba nyingi zinaichukulia 4 kama blaindi kubwa mpya kwa hiyo ukipandisha lazima ufike 8. Nyingine zinasema stradeli ilikuwa nyongeza ya 2 juu ya 2, basi 6 inatosha. Uliza.

Nimeona mtu wa batani ndo kaweka stradeli, inaruhusiwa?

Kuna nyumba zinaruhusu, na nyingine zinakwenda mbali zaidi wanaruhusu kiti chochote, hiyo wanaiita stradeli ya Mississippi. Ya batani ndo inayoleta kelele nyingi, na kwa maoni yangu kelele hizo ni za haki kabisa.

Mtu wa batani, yaani mwenye alama ya mgawaji, tayari anaongea mwisho kwenye flopu, kwenye tani (karata ya nne ya pamoja) na kwenye riva (ya tano). Ukimruhusu astradeli anaongea mwisho na kabla ya flopu pia, yaani raundi zote nne. Halafu inakuja habari ya nani aanze. Nyumba moja inasema blaindi ndogo aanze, afuate blaindi kubwa, mzunguko uende mpaka ufike batani. Nyumba nyingine inasema aanze yule wa kawaida baada ya blaindi kubwa, wakifika batani wanamruka, blaindi ndogo na kubwa wanaongea, ndo arudiwe yeye. Kwa jicho la haraka unaona ni kilekile, ila kaa kwenye blaindi ndogo ndo utaelewa. Kwenye utaratibu wa kwanza umeweka hela kwa lazima, unaongea kabla ya kila mtu, na bei ya kuingia imepanda mara mbili. Mimi nikikuta meza ya aina hiyo na jamaa anastradeli batani kila akifika, blaindi ndogo naitupa karibu kila mkono na wala siumii.

Wakitaka wawili kwa wakati mmoja, yule wa kwanza baada ya blaindi na yule wa batani, nani anapewa? Hapo tena ni nyumba, na ni vizuri ukajua kabla hujaanza kugombana na mtu.

Na kustradeli juu ya stradeli?

Ipo. Wa kwanza kaweka 4, anayefuata anaweka 8, anayefuata 16, mpaka nyumba iseme basi. Kuna kumbi zinaruhusu moja tu, kuna zinaruhusu mpaka hela iishe. Meza ya 1 na 2 yenye stradeli tatu kila mkono ni meza ya 8 na 16 iliyovaa nguo za 1 na 2.

Kuna na ile wanaita ya kulala. Mtu kaweka hela mbele yake gizani akiwa kwenye kiti ambacho siyo cha stradeli. Kama mkono ukimfikia bila mtu yeyote kupandisha, ile hela inaamka, inahesabika kama kapandisha. Kama mtu kapandisha kabla, inabaki imelala na jamaa anacheza kama kawaida, akitaka afuate, akitaka atupe. Watu wanaipenda kwa sababu anayetaka kufuata kinyonge anajua mbele kuna mtego.

Mwamba ni nini, mbona wamefunga chipu kwa raba?

Huo ni mfungo wa chipu, tuseme thamani yake ni 4 kwenye gemu ya 1 na 2, umefungwa raba ili usichanganyike. Aliyeushika analazimika kuuweka kama stradeli zamu yake ya kuwa wa kwanza ikifika. Atakayeshinda hiyo poti (hela yote iliyoingia mkono huo) anauchukua na sasa yeye ndo mwenye deni. Tofauti na stradeli ya kawaida hapa hakuna hiari, ukishinda umeshinda na mzigo. Uzuri wake unazunguka kwa washindi, kwa hiyo yule anayekaa masaa matatu hachezi kitu hauoni kabisa, hilo sijui kama ni uzuri au ubaya.

Poti ya bomu inachezwaje, na je naweza kukataa?

Kila mtu anaweka kiasi kimoja, karata zinagawiwa, hakuna kubeti kabla ya flopu, flopu inafunguliwa moja kwa moja. Mara nyingi inakuja kwa ratiba, kwa mfano dila (mgawaji wa karata) mpya akikaa, au mkono mmoja kila baada ya muda fulani. Kukataa unaweza sehemu nyingi, unakaa nje mkono huo, ila ukifanya hivyo kila mara meza itakusema, na kwenye gemu za watu wanaofahamiana hutaitwa tena.

Inayochanganya watu ni ile ya mbao mbili, yaani flopu mbili, tani mbili, riva mbili, na poti inakatwa nusu kwa nusu. Tuchukue watu 8, kila mmoja kaweka 10, poti ina 80. Mmebaki wawili, unabeti 80, mwenzio anafuata, poti sasa ni 240. Wewe umeweka jumla 90. Ukishinda ubao mmoja na yeye akashinda mwingine unachukua 120, faida 30. Siyo mbaya, tatizo ni pale unaposhinda nusu ya ubao mmoja tu, mmefungana huku na kule kakupiga, unatoka na 60 kwenye 90 uliyoweka. Umepata kitu na umepoteza hela kwa pamoja. Ndo maana kwenye bomu la mbao mbili mkono mzuri wa ubao mmoja, hata uwe mzuri vipi, usikupe kichaa. Unatafuta mkono wa kubeba zote mbili, au mzuri sana upande mmoja na upande wa pili una chochote cha kugombania.

Halafu kumbuka, mtu wa batani hapa kaingia kwa bei ileile kama wewe, ila anaongea mwisho raundi zote. Nyumba zinapenda bomu kwa sababu linaamsha meza iliyolala, mtu wa batani analipenda zaidi.

Gemu ya saba na mbili ni utani au kweli?

Kweli kabisa. Saba na mbili zisizo na ua moja zinahesabika kama mkono mbovu kuliko yote kwenye Texas Hold'em (poka ya karata mbili mkononi na tano za pamoja mezani), kwa hiyo meza inakubaliana ukishinda poti nazo kila mtu anakulipa. Meza ya watu 8, kila mmoja anatoa 5, unapata 35 juu ya poti. Huhitaji kufika mwisho na kuonyesha karata kwa kulazimishwa, hata wakitupa wote kwa sababu umewatisha unafunua na kudai chako. Baadhi wanaweka sharti poti ifike kiasi fulani au flopu iwe imeshafunguliwa.

Sasa tatizo linakuja kwa wewe usiyekuwa nazo. Mtu anapiga beti kubwa kwenye riva ambayo haina maana yoyote, siku nyingine ungetupa bila kufikiri, leo unaanza kujiuliza kama jamaa anatafuta 35 zake. Ndo lengo la hiyo sheria.

Kuna wakati nimekuta watu wamesimama wanacheza, hawana viti?

Hiyo ni gemu ya kusimama. Wote mnasimama, ukishinda mkono unakaa, wa mwisho kubaki wima anamlipa kila aliyekaa kiasi mlichopatana. Mkibaki wawili au watatu wima utaona vituko, mtu anapandisha na takataka kwa sababu ya kutafuta kiti. Wewe uliyekaa subiri na karata nzuri.

Nimetupa chipu ya 25 nikitaka kupandisha, dila kasema nimefuata tu. Kwa nini?

Kwa sababu ya sheria ya chipu moja, na hii siyo ya nyumba moja au mbili, utaikuta karibu kila mahali, ila kwa mgeni ni ya ajabu kuliko zote. Kama kuna beti mbele yako na umeweka chipu moja tu bila kusema kitu, umefuata, hata chipu iwe ya 500. Blaindi kubwa ni 2, umerusha 25 kimya, umelipa 2 na utarudishiwa 23. Kama hakuna aliyebeti bado, mfano kwenye flopu na wote wamecheki (wamepitisha zamu bila kubeti), hapo chipu moja ya 25 ni beti ya 25 nzima. Kitu kinachobadilisha yote ni mdomo: sema "napandisha" au taja namba kabla chipu haijagusa meza.

Chipu mbili na kuendelea ndo panakuwa na hesabu. Kwa TDA unaangalia kwanza kama kila chipu ilihitajika ili kufuata. Beti ni 40, umeweka mbili za 25 kimya kimya. Ukiondoa moja inabaki 25, haifiki 40, maana yake zote zilihitajika, umefuata. Sasa weka tatu za 25, yaani 75. Ukiondoa moja inabaki 50 na bado inatosha, kwa hiyo tunaenda kwenye kanuni ya nusu. Kupandisha kwa uchache ni mpaka 80, nusu ya njia kutoka 40 ni 60, wewe umevuka 60, kwa hiyo umepandisha na utalazimishwa kujaza mpaka 80. Ungekuwa na 55 mezani ingekuwa umefuata. Baadhi ya nyumba za keshi hawataki hesabu hii, wanasema bila neno ni kufuata tu basi, na kwa kweli ni rahisi zaidi kwa dila aliyechoka.

Kwenye sinema wanasema "nafuata elfu yako... na naongeza elfu tano". Mbona mezani hairuhusiwi?

Kwa sababu ukisema "nafuata" umeshafuata, kilichobaki baada ya hapo ni hadithi. Mtu angeruhusiwa angetaja kufuata, angesoma uso wako, ukionyesha furaha angeishia hapo, ukionyesha huzuni angeongeza. Vilevile kwa mkono, ukiweka chipu kidogo halafu ukarudi kwenye rundo kuchukua nyingine bila kutaja chochote, wanahesabu ile ya kwanza tu.

Ambacho kinatofautiana ni mpaka. Meza zingine zina mstari umechorwa na chipu zikishavuka zimeenda, hata ulikuwa na chipu 20 mkononi ukitaka kukata 5, nyumba kali itasema zote 20 zimebetiwa. Meza zingine mstari ni pambo la kumsaidia dila na wanachoangalia ni chipu ulizoachia. Nyingine hakuna mstari, wanaangalia kama mkono umeenda mbele kwa nia ya kubeti, na hapo kuna wajanja wanaosogeza mkono kidogo kuona utafanya nini halafu wanaurudisha. Nyumba nzuri inamwonya mara moja, ya pili hela inabaki mezani.

Nikisema tu "poti" kwenye gemu isiyo na limiti?

Gemu isiyo na limiti ni ile unayoweza kubeti hata zote ulizonazo. Kwenye mashindano ya TDA hiyo siyo beti halali, lakini umejifunga, lazima sasa ubeti kiasi halali, huwezi kugeuka ukacheki. Kwenye limiti ya poti, ambako beti haizidi poti, ni sawa, dila anakuhesabia. Na ukisema "tano" wakati inaweza kuwa 500 au 5,000, TDA inachukua ile kubwa isiyozidi poti iliyokuwepo kabla ya beti: poti ikiwa chini ya 5,000 ni 500, ikifika 5,000 ni 5,000. Ukitaja namba taja yote.

Kima cha chini cha kupandisha kinahesabiwaje?

Utaratibu uliozoeleka: nyongeza yako isiwe ndogo kuliko nyongeza ya mwisho. A kabeti 10, B kapandisha mpaka 30, hapo nyongeza ni 20, C akitaka kupandisha afike 50. Ila zipo nyumba wanasema lazima uzidishe mara mbili beti nzima iliyo mbele yako, C afike 60. Tofauti inaonekana ndogo hapo, ila mkizungushana mara nne utashangaa hela inavyokimbia.

Mtu kaweka zote lakini hazitoshi kupandisha. Naruhusiwa kupandisha tena?

Hili swali ndo linaita supavaiza mezani kuliko mengine, kwa hiyo tulipe nafasi yake. A kabeti 100. B kafuata 100. C kaweka zake zote, 140. Nyongeza ni 40 na kima cha chini kilikuwa 100, kwa hiyo C hajapandisha kihalali, kaongeza bei tu. Zamu inarudi kwa A. Kwenye gemu isiyo na limiti, A anaweza kulipa 40 zilizobaki au kutupa, kupandisha hapana, kwa sababu alishaongea na hakuna aliyempandishia kamili. B hivyohivyo. Kwenye gemu za limiti, ambazo kiasi cha kubeti kimepangwa, kipimo ni nusu, nyongeza ikifika nusu ya kupandisha inafungua mlango, na kuna nyumba za keshi zimekichukua kipimo hicho zikakipeleka kwenye gemu isiyo na limiti. Hapo C angekuwa na 150 A angeruhusiwa kupandisha tena.

Sasa ongeza D, naye kaweka zote, 210. Peke yake nyongeza ya D juu ya 140 ni 70, haitoshi. Lakini kwa A, tangu aongee mara ya mwisho bei imetoka 100 hadi 210, nyongeza ya 110, na hiyo imezidi 100. TDA na kanuni za Ciaffone zote zinasema inajumlishwa, A anaruhusiwa kupandisha. Kuna kumbi bado wanaangalia kila mmoja kivyake na wanamkatalia. Kama una karata za juu kabisa na ulikuwa unangojea mtu akupandishie ili nawe urudishe, hii sheria ni hela yako moja kwa moja.

Kwa nini kuna meza zinasema beti ni kuanzia 2 mpaka 100, siyo limiti wala siyo bila limiti?

Mara nyingi siyo nyumba iliyotaka, ni sheria ya serikali. Mfano mzuri ni Colorado, Marekani. Kasino zilipofunguliwa kwenye miji ya zamani ya machimbo, Black Hawk, Central City na Cripple Creek, mwaka 1991, beti moja haikuruhusiwa kuzidi dola 5. Wapiga kura wakaikubali ipande mpaka 100, ikaanza 2009, na ukomo wenyewe ukaondolewa 2021. Deadwood kule South Dakota walianza na dola 5 mwaka 1989, wakaenda 100 mwaka 2000, halafu 1,000 mwaka 2012. Florida ilikuwa kiboko, kumbi za poka zilipoanza 1997 poti nzima haikutakiwa kuzidi dola 10, siyo beti, poti.

Kwenye meza ya 2 mpaka 100 unabeti chochote katikati ya hapo. Mwanzoni unaiona ni kama gemu isiyo na limiti, mpaka poti inapokua. Poti ina 600, unataka kumfukuza mtu anayesubiri flashi, beti yako kubwa kabisa ni 100. Yeye analipa 100 kugombea 700, anahitaji kushinda mara moja kwenye nane tu, yaani asilimia 12.5, na mwenye flashi inayosubiri karata moja ana karata 9 kati ya 46, karibu asilimia 20. Anafuata huku anacheka na yuko sahihi. Kwa hiyo kwenye meza za hivi kutisha watu riva ni kazi bure, ukitaka kumlipisha mtu mlipishe mapema, wakati 100 bado ni kubwa kuliko poti.

Na zile gemu za limiti, kupandisha kuna mwisho?

Ndiyo, beti moja na kupandisha mara tatu, nyumba nyingine mara nne, basi imefungwa. Mkibaki wawili nyingi zinaondoa ukomo huo, pandishaneni mpaka mchoke. Kazi yake ni kuzuia wawili walioelewana wasimkamue wa katikati.

Humohumo kwenye limiti utakuta kili. Mtu akishinda poti mbili mfululizo, au kwenye Omaha ya juu na chini (poka ya karata nne mkononi, mkono mkubwa na mkono mdogo vinagawana poti) akibeba poti nzima iliyofika kiasi fulani, mkono unaofuata anaweka blaindi ya ziada na viwango vinapanda mara mbili. Kuna nusu kili, vinapanda mara moja na nusu. Kuna kidude kinawekwa mbele ya aliyeshinda moja, kukumbusha kwamba akishinda nyingine mambo yanabadilika. Kitu cha kuuliza ni kimoja, mwenye kili anaongea kwa zamu yake ya kawaida au anasubiri mwisho, maana zote mbili zipo.

Ni kweli kuna sehemu kucheki halafu kupandisha ni marufuku?

Kweli, hasa kwenye baadhi ya loboli, ile ya mkono mdogo kushinda, na kwenye gemu nyingi za nyumbani za zamani ambako wanaona ni uhuni. Kwa maoni yangu ukiondoa hiyo umemwachia mwenye batani kila kitu, anayeanza kuongea anabaki hana silaha yoyote.

Loboli ya limiti ya California ina nyingine kali zaidi. Baada ya kubadilisha karata, ukiwa na saba au bora na ukacheki badala ya kubeti, hela yoyote itakayoingia baada ya hapo hushindi, unabaki na haki ya poti ile iliyokuwepo tu. Yaani unaadhibiwa kwa kujificha. California ina historia yake, mwaka 1911 mwanasheria mkuu Ulysses Webb alisema poka ya kubadilisha karata ni ya ustadi kwa hiyo haimo kwenye marufuku ya kamari, na klabu za Gardena, mji wa karibu na Los Angeles, zikaishi kwa gemu hizo tangu 1936, Hold'em ikaja kuruhusiwa 1987. Kwenye poka ya kubadilisha karata kulikuwa na sharti lingine: huwezi kufungua beti bila kuwa na jozi ya majeki au zaidi, na mwisho unatakiwa kuthibitisha ulikuwa nayo. Ulifungua bila? Mkono wako umekufa.

Limiti ya poti, mbona kila ukumbi wanapata namba tofauti?

Kanuni yenyewe ni moja: mara tatu ya beti ya mwisho, jumlisha kilichokuwepo kabla yake. Poti ina 50, mtu kabeti 50, wewe mwisho wako ni 200. Tofauti ni kwenye vijisenti vya mwanzo. Blaindi 1 na 2, kwa hesabu kamili anayefungua anaweza kufika 7. Nyumba nyingi hazitaki chipu za 1 zisumbue, wanaichukulia blaindi ndogo kama 2, inakuwa 8. Wengine wanakwenda 10 moja kwa moja kwa sababu meza ina chipu za 5. Mkishapandishana mara tatu baadaye hiyo 3 ya mwanzo imezaa vizuri tu.

Naweza kutoa hela mfukoni katikati ya mkono?

Hapana, unacheza na kilichokuwa mezani karata zilipogawiwa, na huwezi kufukuzwa kwenye mkono kwa kukosa hela, unaweka zote na unagombea sehemu yako. Kinyume chake pia, ukishinda huruhusiwi kuficha nusu mfukoni ukabaki unacheza na kidogo. Nyumba zinatofautiana kwenye noti, kuna zinazohesabu noti za dola 100 zilizo wazi juu ya meza, kuna zinazosema chipu tu. Na zipo zinazokuruhusu kuingia na hela sawa na mwenye rundo kubwa pale mezani, hapo ule ukomo wa kuingilia ulioandikwa ukutani usiuamini sana.

Kufungua mara mbili kunabadilisha nafasi yangu ya kushinda?

Haibadilishi. Watu wawili wameweka zote, wanakubaliana karata zilizobaki zifunguliwe mara mbili, kila mara nusu ya poti. Wastani wako ni uleule, kinachopungua ni mtikisiko. Lazima wote wakubali, na nyumba nyingine hazitaki kwa sababu inachelewesha meza.

Nitajuaje haya yote kabla sijaweka hela?

Uliza kabla hujanunua chipu, supavaiza kazi yake ni hiyo. Mimi naulizia stradeli kwanza, viti gani na mara ngapi, halafu bomu lipo na ni la kiasi gani, halafu mstari una maana au ni pambo. Mengine yatajionyesha. Kisha simama pembeni utazame mzunguko mmoja, bei halisi ya gemu utaiona kwenye chipu zinazoingia gizani kabla ya karata.

Dila kaamua vibaya, nifanye nini?

Sema hapohapo, kwa upole, "naomba supavaiza", na shikilia karata zako, usiziachie hata dila akizidai. Usisubiri mkono uishe. Mtu wa baada yako akishaongea inakuwa ngumu kurudisha nyuma, poti ikishasukumwa na karata kuchanganywa hakuna supavaiza atakayeirudisha hata akikubali kwamba ulikuwa sahihi.